Kulima au kudai haki? Jibu kwa msomaji wa Muheza

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni msichana wa miaka 24, nipo kijiji kimoja wilaya ya Muheza. Tuko vijana 14. Babu yake mwenzetu ametuazima ekari nne, tunalima muhogo, mbaazi na mahindi kidogo, bila dawa za dukani. Mwaka jana wawili wetu walipelekwa semina Tanga mjini, wakarudi na habari za haki ya chakula na uhuru wa mbegu. Tangu hapo kikundi kimegawanyika. Wengine wanataka tusimame tudai haki, wengine wanasema tulime tu, harakati hazijazi sufuria. Wazee nao wanasema tumeanza siasa. Na kuna mtu ametuambia kugawana mbegu ni kosa, tunaweza kufungwa. Tushike lipi?

Marahaba mwanangu. Nimekuwa bwana shamba mkoa huu hadi nikastaafu, na barua kama yako sikuzoea kuzipata. Tulizoea kuulizwa dawa ya wadudu.

Umeniuliza mambo matatu, lakini kilichonikaa ni neno ulilolipitia haraka: "ametuazima". Naanzia hapo, ingawa hukuuliza.

Pwani yetu hii, shamba la kuazima lina sharti ambalo halitamkwi kwa sababu kila mtu analijua. Panda muhogo, panda mahindi, panda kunde, ukishavuna ondoka. Usipande mti. Anayepanda mnazi au mchungwa ameingiza mguu, na mwenye shamba hatalala. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakifikishana baraza la ardhi kwa ajili ya minazi sita iliyopandwa na marehemu baba mdogo, na hiyo minazi yenyewe ilishaanza kunyong'onyea kwa ugonjwa. Sasa angalieni nyie mnataka kilimo gani. Mnataka udongo upone. Udongo haulipi mwaka huohuo. Mboji mnayoizika leo, matandazo mnayotandaza, majani ya mbaazi yanayodondoka na kuoza, hayo yote mnamkopesha mwenye shamba. Mwaka wa kwanza mnaona magugu tu. Mwaka wa pili mahindi yanabadilika rangi. Mwaka wa tatu shamba limenona, muhogo unang'oka na mizizi kama paja la mtoto, na hapo ndipo babu anapokumbuka kwamba ana mjukuu mwingine anayetaka kulima.

Simsemi vibaya babu wa mwenzenu, simjui. Nasema hivyo ndivyo inavyokuwa, tena mara nyingi babu hana neno, ila anafariki, na watoto wake wa Dar es Salaam wanarudi kwenye arobaini na futi ya kupimia.

Kwa hiyo haki ya kwanza mnayotakiwa kuidai iko umbali wa kutembea kwa miguu, nyumbani kwa yule mzee. Andikeni. Karatasi moja inatosha. Ielezwe mipaka kwa vitu visivyohama: kutoka mfenesi hadi mferejini, kutoka mferejini hadi kwenye jiwe jeupe. Itajwe miaka, nami nisingekubali chini ya mitano. Itajwe mnampa nini kila mavuno. Na hili la miti liandikwe wazi: miti yote mtakayopanda kwa kuhifadhi udongo ni mali ya mwenye shamba na kizazi chake, nyie mnachukua matawi, majani na kivuli. Mkishaliandika hilo mtaona mzee anavyotulia, na mtaweza kupanda miti ya gilirisidia mpakani bila mtu kuwaangalia kwa jicho la pembeni. Watoto wake wakubwa wawili waweke saini kama mashahidi. Nakala moja ikae kwa mtendaji wa kijiji.

Na wewe binafsi, kwa kuwa ni mwanamke, ukitajwa katika karatasi hiyo usikubali kuandikwa mwisho kama mpishi wa kikundi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu katika hao lazima wawe wanawake. Ulizeni la kwenu lina wangapi. Mara nyingi majina matatu ya akina mama yamo kwenye daftari, wenyewe hawajawahi kuitwa kikaoni.

Nije kwa wazee na neno lao la siasa. Muheza imebanwa na mkonge tangu kabla babu zao hawajazaliwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kwenye hiyo 62 ndiko yalikotoka mashamba yaliyofuata reli kuanzia Tanga hadi Korogwe na kuendelea. Watu wakaletwa kutoka mbali kufanya kazi kwa mkataba, wakaitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Wenyeji wakasogezwa pembeni. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, baadaye mengine yakauzwa, mengine yakageuka pori huku vijiji jirani vikikosa pa kulima. Kijana wa Muheza akiuliza kwa nini kijiji chake ni kama kipande cha kanga kilichobaki baada ya fundi kukata, anauliza swali la babu zake.

Wakumbusheni pia habari ya matuta, maana wale wenye asili ya Lushoto wataijua. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo, ukasambaa Usambara. Kila mwenye shamba mlimani alilazimishwa kulima kwa matuta, asiyefanya akatozwa faini. Kitaalamu lile halikuwa jambo la kipuuzi, udongo ulikuwa unaporomoka kweli. Lakini kazi ya kupiga matuta iliwaangukia zaidi akina mama, eneo la kupanda likapungua, na hakuna aliyewauliza. Wasambaa wakakataa. TANU ilipofika milimani ilikuta watu wana hasira tayari, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Miaka ya 1980 wataalamu walirudi kulekule Lushoto na makinga maji, mabingobingo ya kulisha ng'ombe na miti ya mbao, safari hii kwa kuzungumza na watu, na hayo mabingobingo mkienda Lushoto leo mtayaona kwenye kingo za mashamba. Udongo ni uleule, mteremko ni uleule. Kwa hiyo mzee anayesema kilimo na siasa havichanganyiki, mwulizeni kwa upole baba yake alikuwa upande gani wakati wa matuta.

Sasa kuhusu mgawanyiko wenu. Nitasema ninachoamini, mkikikataa hamtanikosea. Wale wanaotaka harakati wako sahihi, ila wanataka kuanzia mbali. Maneno waliyorudi nayo semina yana asili nzuri. Uhuru wa chakula, yaani watu kuamua wenyewe walime nini na wale nini, ulitamkwa mbele ya dunia mwaka 1996, wakati wa mkutano mkuu wa chakula kule Roma, na La Via Campesina, muungano wa wakulima wadogo ambao MVIWATA yetu, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania, nayo ni mwanachama. Desemba 2018 Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio la haki za wakulima wadogo, ibara ya 17 inataja ardhi, ya 19 inataja mbegu. Yajueni hayo. Lakini azimio halimfungi mtu kama sheria ya nchi, na mnunuzi wa mbaazi anayekuja kijijini na fuso hajalisoma. Wahenga wa huku wana msemo, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nimeona vikundi vya vijana vinavyolaumu kampuni za ng'ambo kwa kila kitu huku palizi ya pili haijafanyika.

Haki ya chakula kwenu inaonekana kwa macho siku ya kuuza. Hebu nikuoneshe.

Mnunuzi anakuja na magunia yake. Yaangalieni. Gunia moja limeungwa mdomo na nusu ya gunia la pili, likawa refu kama mtu. Vijana wake wawili wanamimina mbaazi, mmoja anapanda juu anashindilia kwa miguu, wanamimina tena, wanashindilia tena. Likijaa hadi shingoni bado halijaisha, wanavimbisha kofia juu, kisha linashonwa kwa shazia na kamba ya katani, katani ileile iliyowamalizia ardhi. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei iliyopatana ni ya "gunia la mia". Mwaka mmoja, kijiji kimoja si mbali na Hale, niliazima mizani nikalitundika gunia la namna hiyo kwenye tawi la mwembe. Likasoma kilo 118. Mnunuzi akacheka akasema mwembe umepinda.

Fanyeni hesabu. Kilo 18 za bure kwa gunia moja, kwa magunia matano ni kilo 90, karibu gunia zima limeondoka bila senti. Mkulima amelima miezi minane, akapalilia, akapura kwa fimbo, halafu dakika kumi za kushindilia zinamnyang'anya kuliko ambavyo wadudu wamemnyang'anya msimu mzima. Na hapo mnaniambia harakati hazijazi sufuria?

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo inataka mazao yauzwe kwa mizani iliyohakikiwa, na gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wana ofisi Tanga. Kinachokosekana kijijini ni mizani na mtu wa kusimama kando yake. Basi nyie 14 changeni, mnunue mizani ya kutundika inayosoma hadi kilo 100. Ipelekeni ikahakikiwe na kupigwa muhuri. Kabla ya kila siku ya kuuza, pimeni mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, ukisoma 50 mko salama. Hakikisheni mshale uko kwenye sifuri kabla gunia halijatundikwa, na gunia lisiguse ardhi wala goti la mtu. Kila mzigo uandikwe daftarini: jina la mkulima, zao, kilo, bei, mnunuzi, namba ya gari.

Msimu wa kwanza wapimieni watu wote bure, hasa wazee. Usishangae mnunuzi akiwasusia. Atakwenda kijiji cha pili. Ndiyo maana msimame vijiji viwili au vitatu pamoja, na hapo mtandao kama MVIWATA unakuwa na maana kuliko semina. Kaulimbiu yao, mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, mimi naitafsiri kwa mizani.

Mkishakuwa na daftari la msimu mzima, nendeni nalo mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria mkutano huo ufanyike angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na wewe umo. Msiende na mabango. Someni hesabu: mwaka huu kijiji kimepima magunia kadhaa, kilo zilizookolewa ni hizi, kwa bei ya siku hiyo ni shilingi hizi. Kisha ombeni sheria ndogo ya kijiji, kwamba mazao yote yanayotoka hapa yapimwe kwa mizani. Halmashauri ya kijiji inaiandaa, mkutano mkuu unaijadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Inachosha, najua. Mtapigwa kalenda. Lakini mzee aliyeokolewa kilo 90 na binti wa miaka 24 hatasema tena mnafanya siasa, au atasema huku ananyoosha mkono kuunga mkono.

Jambo dogo la njiani: bajeti ya 2017/18 ilipunguza ushuru wa mazao, na ikasamehe mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkipakia viroba vyenu kwenda Tanga mjini na kijana wa geti akawasimamisha, mwulizeni kwa adabu anatoza kwa kifungu gani, na ombeni risiti. Neno risiti lina baraka zake.

Mbegu. Aliyewaambia mtafungwa kwa kugawana amechanganya mambo. Sheria ya Mbegu ya 2003 inabana biashara: ukitaka kuuza mbegu kama mbegu, iwe imekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Sheria ya 2012 ya wagunduzi wa aina mpya za mimea inalinda mbegu iliyosajiliwa na mgunduzi wake, huwezi kuizalisha na kuiuza kama yako. Nchi yetu ilijiunga na umoja wa kimataifa wa mambo hayo, UPOV, mwaka 2015, na wanaharakati wana sababu ya kuuliza maswali magumu hapo. Lakini mbaazi za bibi yako, kunde za shangazi, fiwi za jirani, hizo mnazitunza kwenye chupa na majivu, mnapeana kama mlivyopeana siku zote. Mkitaka kuuza mbegu nje ya uwani kwenu, kuna daraja la mbegu za kuazimiwa ubora ambalo kikundi cha wakulima kinaweza kusajiliwa na kukaguliwa. Mwoneni afisa ugani wa kata awaelekeze TOSCI.

Hofu yangu kubwa kwenye kugawana mbegu ni ugonjwa, na hapo nitajisema mwenyewe. Zamani nikiwa kijana kama nyie niligawa mbegu za muhogo kwa moyo mmoja. Nilikata pingili kwenye shamba lililonawiri, nikajaza pikapu, nikagawia kaya kumi na moja. Miezi kumi baadaye mama mmoja aling'oa mbele yangu. Nje mzizi ulikuwa mzuri, mnene. Akaukata kwa panga. Ndani madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Alinitazama tu, hakusema kitu. Ilikuwa michirizi ya kahawia, na mimi ndiye niliyeisambaza.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza wilayani kwenu. Kituo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, miaka ya 1930 kilikuwa mikononi mwa Waingereza, na mtafiti H. H. Storey ndiye aliyeutenganisha na batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Hapohapo Amani wakaanza kuzalishanisha muhogo na jamaa yake wa porini, aina ya mti wa mpira, kutafuta ukinzani. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, na zaidi huenezwa na mtu mkarimu mwenye pikapu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Muhogo ukiwa na miezi mitano au sita, pitieni mche mmoja mmoja. Majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano ni batobato. Majani ya chini yenye unjano kando ya mishipa, na shina lenye michirizi ya kahawia, ndiyo ile nyingine. Mche ulio safi ufungeni kitambaa chekundu. Wakati wa kuvuna, kateni mbegu kwenye miche yenye kitambaa tu, na hata hapo pasueni mizizi kwanza. Pingili za sentimita 20 hadi 30, zenye macho matano hadi saba, kutoka katikati ya shina. Aina ya muhogo iitwayo Kiroba inavumilia, ila kuvumilia si kinga. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, hawako mbali nanyi, waulizeni kuna mbegu safi wapi msimu huu.

Mengine nitayapita. Muhogo pandeni mita moja kwa moja, ekari itachukua kama mashina 4,000, na katikati wekeni kunde miezi mitatu ya mwanzo ili udongo usikae uchi. Viwavijeshi vamizi, ambao walituingilia mwaka 2017, kagueni kwenye moyo wa mhindi asubuhi, minyeni kwa vidole wakiwa wadogo. Mwarobaini twangeni majani, lowekeni usiku kucha, chujeni, tieni sabuni kidogo, nyunyizeni jioni. Mmea wa utupa unaua wadudu lakini unaua na samaki, usioshwe mtoni. Siku mkitaka kuuza kwa jina la kilimo hai, alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki ina njia ya vikundi kukaguana wenyewe kwa wenyewe, nafuu kuliko kulipa kampuni ya ukaguzi. Msiikimbilie kabla ya kuwa na daftari.

Na mbaazi, tafadhali, msipande zote kwa ajili ya fuso. Agosti 2017 India ilibana mlango wa kununua, bei ikaanguka nchi nzima, watu wakabaki na magunia. Wa Tanga walau tunazila. Mbaazi za nazi na mahamri asubuhi ni soko ambalo India haiwezi kulifunga. Mjini Tanga kuna akina mama wanaopika kila alfajiri, watafuteni wawili watatu muwapelekee viroba vilivyopimwa.

Fedha: kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa vijana, nne kwa wanawake, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sajilini kikundi, lakini msikope ili kununua kitu ambacho ekari nne haziwezi kukirudisha.

Kazi gawaneni kwa tabia za watu. Anayependa kusema akae na mizani na mikutano, anayependa jembe akae na jembe, na kila Jumamosi wote 14 shambani, waliokwenda semina wakiwa wa kwanza kufika.

Kwa babu nendeni kabla ya masika. Nendeni jioni, baada ya magharibi, watu watatu tu, mmoja awe mjukuu wake. Chukueni sukari kilo mbili na majani ya chai. Karatasi msiitoe mfukoni hadi aulize mmekuja na nini, na mstari wa miti usomwe wa kwanza.